TUTEMBEE PAMOJA, TUSIKIE PAMOJA



Mwezi huu tuzungumze juu ya kwenda makumbusho. Ni watu wachache wanaokwenda huko peke yao. Mtu huenda na mkewe na watoto, au na wanafunzi wenzake, au na wenzake wa kikundi cha akiba waliochanga nauli. Lakini watazame wakiisha kuingia ndani. Kila kitu kina kibao chenye maandishi madogo. Anayesoma haraka anasogea mbele. Anayesoma polepole anabaki nyuma, tena anaona haya kusema ngojeni. Bibi ambaye macho yake hayaoni vizuri anatazama kioo tu. Walikuja kwa basi moja, lakini wakirudi kila mtu ana habari zake, na mwingine hana habari yo yote.

Je, mitambo inaweza kusaidia? Inaweza. Inaweza pia kuharibu.

Tuanze na mwaka 1952, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Huko kuna makumbusho ya sanaa yanayoitwa Stedelijk. Waliweka mtambo wa redio ndani ya jengo. Kila mgeni alipewa kipokezi kidogo na kisikilizio cha sikioni. Maelezo yalirushwa mara moja kwa wote. Kwa hiyo watu walitembea pamoja, wakageuka pamoja, wakatazama picha ile ile kwa wakati ule ule. Ukiona picha zilizopigwa siku zile unaweza kucheka. Ni kama gwaride la askari! Lakini walau walisikia jambo moja kwa pamoja.

Baadaye zikaja kaseti. Kila mgeni akawa na chombo chake. Akawa huru kukifungua na kukizima apendavyo. Hapo ndipo hasara ilipoingia. Mume anasikiliza habari za kiti, mke anasikiliza habari za saa ya ukutani. Masikio yote mawili yamezibwa. Mmoja akitaka kusema neno, ni lazima amguse mwenzake begani, naye azime chombo, avue visikilizio, aulize, "Umesemaje?" Baada ya mara mbili tatu watu huchoka, wakanyamaza.

Wataalamu wa Xerox PARC, huko California, Marekani, walilifikiria jambo hili. Walifanya majaribio katika nyumba kubwa iitwayo Filoli. Nyumba hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1915 na 1917 na tajiri mmoja wa mgodi wa dhahabu, na siku hizi watu huingia kuitazama. Kwanza waliwapa wageni kompyuta ndogo za mkononi zenye picha za kuta za vyumba. Mgeni aligusa picha ya kitu, na chombo kikaeleza habari zake kwa sauti. Maelezo yalikuwa mafupi sana, hayafiki nusu dakika. Watu waliokuja wawili wawili walisikiliza pamoja, na sauti ilipokoma wakaanza kusemezana. Walikifanya chombo kile kama mtu wa tatu katika mazungumzo: kikisema, wananyamaza, kikimaliza, wanajibu wao.

Lakini chumba chenye vyombo vingi vinavyosema kwa pamoja ni soko. Basi wakatengeneza njia nyingine, nayo wakaieleza mwaka 2002. Kila mtu alipewa kisikilizio cha sikio moja tu. Sikio la pili liliachwa wazi kwa ajili ya mwenzake. Vyombo vya watu wawili viliunganishwa kwa mawimbi ya redio. Ukichagua kitu, unasikia habari zako. Usipochagua kitu, unasikia zile anazosikiliza mwenzako. Ukipenda, unaweza kuipunguza sauti yake au kuifunga kabisa. Mara mmoja anacheka, na mwingine anajua kinachomchekesha. Watu walizungumza zaidi juu ya vitu walivyoviona, na hawakupoteana.

Mimi naona sehemu bora ya kazi ile ni lile sikio lililoachwa wazi. Hata hivyo, njia ile ilikuwa ya watu wawili. Kundi la watu thelathini haliwezi kusikilizana namna ile.

Kwa kundi kubwa, sisi tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha redio ikazimwa wakajadiliana. Waliamua wenyewe nani achimbe choo, na lini. Redio ilikuwa moja, na kikundi kizima kiliisikia.

Basi mkienda, kwa mfano, Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, simu moja yaweza kutosha kikundi cha watu watano au sita. Kabla ya safari, anayesoma vizuri arekodi maelezo mafupi kwa sauti yake, kitu kimoja kimoja. Mfano ni fuvu la Zinjanthropus. Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni kama miaka milioni 1 na laki saba na nusu. Maneno hayo yanatosha. Mkifika mbele yake, fungueni simu kwa sauti ndogo, halafu izimeni. Bibi aulize la kwake. Watoto wayatazame yale magego makubwa na kubisha kama yalitafuna mizizi au nyama.

Mwenye simu asitangulie mbele. Atembee na yule anayekwenda polepole kuliko wote. Tena aijaze simu chaji usiku, maana safari ya basi ni ndefu, na vijana watataka kusikiliza muziki njiani.