Mizani Peke Yake Haitoshi

Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wajishughulishe kimwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kijijini Handeni, mtoto aendaye shule kwa miguu na kuteka maji huweza kuzitimiza, ila akishinda na njaa hukonda tu. Mwenzake wa Korogwe mjini hupanda bodaboda na kula chipsi. Ndiyo maana uzito wao husomwa pamoja na kimo, umri na jinsia. Tunawahofia zaidi wasichana: mwaka 2019 Shirika hilo lilitangaza kwamba duniani 85 kati ya 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Kwetu, akishavunja ungo huambiwa michezo imekwisha. Parokia yenye kiwanja yaweza kuwatengea saa ya netiboli kila Jumamosi, wazazi wakiridhia.