Anayeuguza Naye Huchoka

Mgonjwa aliyepooza arudipo nyumbani kutoka hospitali, macho ya jamaa wote huwa kwake. Ni nadra mtu kumwuliza mke au binti anayemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda: je, wewe umelala?

Kuuguza ni kazi, na msaada wake upo, ila hauji wenyewe mlangoni. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo ndiye asikilizaye shida za wasioweza kulipia matibabu. Katika hospitali za Serikali ya Tanzania, mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo aweza kuombewa msamaha wa gharama. Mwombe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuoneshe namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo wako. Na ikiwa ugonjwa ni saratani, Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa pia huduma ya kutuliza maumivu.

Nanyi jamaa, msilete machungwa na pole peke yake. Pangeni zamu, huyu Jumamosi na yule Jumapili, ili mwuguzaji apate kulala, kuoga kwa utulivu na kwenda sokoni. Yeye akianguka, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.