Tangawizi na Kadiri Yake

Abiria ashukaye Kibiti alfajiri, katika njia kuu iendayo Lindi, akapewa kikombe cha kahawa chungu iliyochemshwa na tangawizi, huuhisi moto ukimshuka taratibu kifuani, wala haulizi kama anywacho ni kinywaji ama dawa, kwa kuwa sisi watu wa pwani hatukupata kuvitenga viwili hivyo. Mvuvi wa kamba arejeaye kutoka delta ya Mto Rufiji, nguo zimelowa na mwili umeingiwa na baridi, huitaka iyo hiyo. Mzazi hutiliwa tangawizi katika uji. Na mwenye mafua huiponda akaitia ndimu na asali.

Twaiita mzizi, ingawa kwa hakika ni shina litambaalo chini ya ardhi, na aghalabu ile ya sokoni hutoka mbali, kama vile milima ya Same. Asili yake ni Asia, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyotuletea, pamoja na ile elimu ya moto na baridi, ukavu na unyevu wa mwili, ambayo matabibu wa Kiarabu waliipokea kwa Wayunani, na ambayo bibi zetu waliishika pasi na kufungua kitabu. Kwamba hutuliza kichefuchefu, hata cha mimba changa, wataalamu wa leo wamekiri.

Ninalolalamikia ni kuwa tangu mwaka 2020, siku za Korona, ilipopandishwa cheo ikawa mujarabu wa kila maradhi, kadiri imepotea. Bibi aliyekupa tangawizi kwa tumbo lililojaa gesi hakukuahidi kwamba itaondoa kisukari, ilhali muuza chupa wa leo huahidi hayo na zaidi, na bei juu yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga. Ningependa mkono wake ufike na kwenye chupa hizo. Hata anywaye dawa za kuzuia damu kuganda yampasa amwarifu tabibu wake kabla ya kuizidisha.

Seuze mtoto mwenye homa katika kijiji cha deltani, ambako safari ya zahanati hungoja boti, na boti hungoja maji kujaa! Saa zinazopotea kwa kumnywesha tangawizi hazirudi. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa kama dakika 20, na mama angojaye jibu hilo, kikombe chake cha kahawa ya tangawizi na anywe kwa raha zake.