Chuma kinainuliwa, mwili unanyooshwa



Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Likasi. Anaandika hivi: "Muchana minabebaka biloba ku depo. Mangaribi minainuaka byuma pamoja na barafiki. Mikono iko na nguvu, lakini mugongo inaniuma, na siku ya Mungu siwezi tena kupiga magoti muzuri. Badogo bangu bane banakulaka ku hii mikono. Niache byuma?"

Hapana, ndugu yetu, usiache. Lakini badili namna unavyofanya.

Vyuma hivi tunavijua: bomba la chuma, na huku na huku kopo lililojaa sima. Si vibaya, ikiwa pande mbili zina uzito sawasawa. Shida iko mahali pengine. Vijana wengi wanainua kila siku, wanafanya kifua na mikono tu, tena wanapandisha chuma nusu ya njia. Basi mwili unajifunza ile nusu. Mabega yanavutwa mbele, nyonga zinakaza, na siku ya kuinama kuchukua kiloba, mgongo peke yake unalipa deni ya wote.

Wengi wenu mnamkumbuka Robert Kidiaba, golikipa wa Mazembe. Mwaka wa 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliposhinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, alikaa chini na kuruka-ruka kwa makalio uwanjani. Watu walicheka sana. Lakini wewe jaribu kwako nyumbani, utaona! Bila nguvu ya tumbo hauendi, na bila nyonga zilizolegea hauendi. Vyote viwili vinatakiwa.

Sasa fanya hivi.

Mbele ya chuma. Pasha mwili moto dakika 5 hadi 10. Tembea haraka, zungusha mabega, chutama na kusimama mara 10 bila uzito. Usishike musuli mmoja na kuuvuta muda mrefu. Ukipita dakika moja, nguvu ya kuinua inapungua kidogo.

Wakati wa chuma. Punguza uzito, lakini pita njia yote, polepole, mgongo ukibaki sawa. Mwaka wa 2021 wachunguzi walikusanya uchunguzi mwingi pamoja, wakaona kwamba kuinua uzito kunaweza kulegeza viungo karibu sawa na kunyoosha kwenyewe. Ukisukuma kwa ajili ya kifua, vuta pia kwa ajili ya mgongo. Usisahau miguu.

Nyuma ya chuma. Hapa ndipo pa kunyoosha. Kila mnyoosho ushike sekunde 30, mara mbili kila upande, bila kurukaruka, ukipumua vizuri. Kwanza, weka goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma nyonga mbele. Pili, lala chali, inua mguu mmoja, shika nyuma ya paja na kuuvuta kwako. Tatu, egemeza mikono ukutani, kisigino cha mguu wa nyuma kikikaa chini. Nne, weka mkono mlangoni, geuza kifua upande mwingine. Utasikia kuvutwa, lakini usisikie maumivu.

Na siku? Shirika la afya la dunia (OMS) lilisema mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa juma. Na wewe, kubeba biloba tayari ni kuinua. Chagua siku mbili zisizofuatana, ambazo kazi haikuwa nzito. Mangaribi ingine yote, nyoosha tu dakika 10, pumzika.

Lakini sikia vizuri: maumivu yakishuka mpaka mguuni, mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukisumbua, usinyooshe wala kuinua. Enda kwa munganga siku ile ile.

Na ninyi wengine msifikiri haya ni ya vijana peke yao. Mama anayebeba maji na kutwanga anahitaji kufungua kifua chake mlangoni. Papa aliyestaafu aanze na kiti: asimame na kukaa mara 10 bila kushika kitu, kisha anyooshe miguu.

Ndugu yetu wa Likasi, wadogo zako wanakula kwa mikono yako leo, na watahitaji kula tena nyuma ya miaka kumi. Fanya kidogo kidogo. Nyuma ya miezi miwili utuandikie tena, utuambie kama ulipiga magoti.