Sababu iliyo kwenye boni ya ekografia

Wamama wa Majengo, juma lililopita dada mmoja wa chama alinionyesha boni zake mbili. Alitoka damu siku mbili, mimba ya miezi saba. Kwenye boni ya kwanza, nafasi ya sababu ilikuwa na neno moja tu: "mimba". Aliyempima alimwambia mtoto anacheza, ni wa kike, akamrudisha nyumbani. Damu ikarudi, muuguzi mwingine akaandika vizuri: "damu, miezi saba". Mara hii walitafuta kondo la nyuma limekaa wapi, wakalikuta chini, limeziba mlango wa uzazi. Sasa anajua atazalia penye chumba cha kupasulia.

Mwenye mashine anatafuta kile alichoulizwa. Na kama muko katika mutueli, ofisi inasoma sababu ile mbele ya kulipa.

Hospitali nyingine zinaiandika kwa herufi na namba, kutoka orodha ya magonjwa ya OMS, ile wanayoita CIM. Mizizi yake ni orodha ya sababu za vifo ya Mfaransa Jacques Bertillon, ya 1893. Katika CIM-10, Z34 ni mimba isiyo na shida. O20 ni damu ya mwanzo wa mimba, O46 ni damu ya miezi ya mwisho, O30 ni mapacha, O44 ni kondo lililokaa chini. (O ni herufi, si sufuri, wanafunzi wangu wangelikosea hapo.) Kitu kinachoshukiwa tu hakiandikwi kana kwamba kimeonekana: yule dada kwanza ni O46, mpaka mashine ithibitishe O44.

Tangu 2016 OMS inashauri ekografia moja mbele ya majuma 24. Ya mapema ndiyo inahesabu umri wa mimba vizuri. Ya mwezi wa nane haiwezi. Kutaka kujua kama ni kijana au binti ni hamu yenu tu, haiko kwenye orodha.

Siwaombi mukariri namba. Ambieni muuguzi tarehe ya hedhi ya mwisho, kinachowasumbua na tangu lini, na kama muliwahi kupasuliwa. Someni boni pale pale. Ikiwa ni "mimba" tu, ombeni aongeze. Majibu muyaweke pamoja na fishi ya CPN. Na damu ikitoka, nendeni siku ile ile, hata bila boni.