Mwembe Mmoja na Mji wa Ujiji

Kila mwaka huja Ujiji wageni wenye nia njema, na miongoni mwao wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu, na swali lao la kwanza washukapo garini ni lile lile: uko wapi mwembe wa Livingstone? Huonyeshwa. Husimama mbele ya jiwe lililowekwa mwaka 1927, lililochongwa ramani ya Afrika na msalaba juu yake, hutazama miembe iliyopo, ambayo yasemwa kuwa ni kizazi cha ule uliokufa, hupiga picha, kisha hurudi Kigoma kula samaki. Wamekaa Ujiji muda wa saa moja, na wakifika kwao watasema wameuona mji. Mimi ni mzaliwa wa mji huu, nami nasema hawakuuona. Nasema na zaidi ya hilo: kosa si lao peke yao. Ni letu sisi tuliouandika mji huu, tuliousomesha, na tuliowaongoza wageni kwa njia moja tu kama ng'ombe waendao mtoni.

Nisifahamike vibaya. Sitaki jiwe ling'olewe. Wako vijana wenye hamaki wasemao hivyo, na hoja yao ni nyepesi. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869, akarudi mwaka 1871 hali yu mgonjwa na fukara, akaambiwa kuwa mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa. Alikuwa ametoka Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo Julai ya mwaka huo aliona watu wakipigwa risasi sokoni mchana kweupe. Aliyoyaandika juu ya siku ile yalizidisha kelele huko Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Habari hiyo ni yetu kabla haijawa yake, maana waliokufa pale walikuwa watu wa Manyema, na Wamanyema ni sehemu kubwa ya wenyeji wa Ujiji hadi leo. Kulitupa jiwe ni kutupa ushahidi wetu wenyewe.

Ninachopinga ni kulifanya jiwe hilo kuwa ndilo mji. Hebu tazama jinsi kisa chenyewe kinavyosimuliwa. Wazungu wawili wanakutana, wanavua kofia, mmoja anatamka sentensi ambayo dunia imeicheka kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Basi, kisa kimekwisha. Lakini Stanley mwenyewe, katika kitabu chake, akiri kwamba kabla hajamwona Livingstone alisalimiwa kwa Kiingereza na mtu mweusi aliyemkimbilia kutoka katika umati. Mtu huyo ni Susi. Mara akamfuata Chuma, naye akasalimu. Kwa hiyo salamu ya kwanza katika mkutano ule mashuhuri ilitoka kinywani mwa Mwafrika, na mgeni alipokewa kama wageni wapokewavyo, na mtu wa nyumbani aliyetangulia nje. Miaka miwili baadaye, bwana wao alipofariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo, ni hao hao pamoja na wenzao walioikausha maiti, wakaichukua kwa miguu miezi mingi hata wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874. Wanazuoni wameshindana sana juu ya tarehe ya ule mkutano: Stanley aliandika 10 Novemba 1871, na shajara ya Livingstone inaurudisha nyuma hadi Oktoba. Ni mashindano halali. Ila sijapata kumsikia mwanafunzi hata mmoja akiuliza, Susi alisimama wapi?

Jambo hili si la Ujiji peke yake. Kule Italia uko mji wa Verona, wenye kiwanja cha michezo kilichojengwa na Warumi wa kale, na kumbe umati wa wageni husongamana chini ya roshani moja kwa ajili ya msichana Juliet, ambaye umaarufu wake umetokana na tamthilia ya Shakespeare. Na roshani yenyewe ilitiwa ukutani pale katika karne ya 20. Mwenyeji wa Verona hucheka kimoyomoyo, akapokea fedha, kisha akaenda zake mahali apendapo. Tofauti ni kwamba Verona ina vitabu elfu juu ya hayo mengine. Sisi hatuna. Mgeni akikosea njia Verona, kitabu kitamrudisha. Akikosea Ujiji, hana wa kumrudisha ila mzee atakayekutana naye barabarani, na wazee wanapungua.

Basi mwenyeji humpeleka wapi mgeni ampendaye?

Mwaka uliopita alinijia kijana mmoja wa chuo kikuu, mwenye adabu, daftari mkononi. "Shikamoo mzee," akasema, "nimetumwa niandike juu ya mahali pa utamaduni katika mji wenu." Nikamwitikia, nikamwuliza ameona nini. Akasema ameona mwembe. Nikamwambia, "Mwanangu, funga daftari, twende."

Nilianza naye stesheni ya Kigoma, kwa sababu sisi twaitwa watu wa mwisho wa reli, na haifai mtu kutufahamu bila kuuona mwisho huo. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha ziwani mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Reli hiyo ndiyo iliyoipa Kigoma ukubwa na kuinyang'anya Ujiji. Tangu hapo bandari yetu ya kale ikawa kitongoji cha bandari mpya. Jengo la stesheni ni zuri, sikatai. Lakini nilimwonyesha kijana sakafu na mabenchi ambako watu wa Kongo na Burundi, wa Tabora na wa Dar es Salaam, wamelala na mizigo yao kwa vizazi vitatu au vinne wakingoja gari moshi. Aprili 1965 Che Guevara alipita Kigoma akivuka kwenda Kongo kwa siri, na Novemba ya mwaka huo huo akarudi kwa njia ya maji, ameshindwa. Mji huu umezoea kupokea watu wanaokwenda na kishindo na kurudi kimya.

Bandarini sikukaa sana. Kila kitabu cha wageni kinayo habari ya meli Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikavunjwa, ikapakiwa makashani kwa maelfu, ikaungwa tena Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini mwa ziwa walikuwa wakiliita ziwa lao. Kisa kizuri. Nacho pia husimuliwa kana kwamba meli ilijiunga yenyewe kwa nguvu za mafundi watatu kutoka Papenburg. Makasha yale yalibebwa na nani? Nilimwuliza kijana, akaandika swali, nikafurahi.

Kisha tukaenda soko la Ujiji, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu asubuhi. Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, alilieleza soko hili kwa mshangao. Lilikuwa na sarafu yake, shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya mrija wa kiko kilichovunjika. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mikoba ya sofi, wakiwauzia waliotaka kununua; na soko lilipokaribia kufungwa watu wale wale walizinunua tena kwa waliokwisha kuuza, wakapata faida mara mbili. Hii ni benki, nikamwambia kijana, nayo ilikuwako kabla Mdachi hajapandisha bendera yake hapa. Ilikuwako chumvi ya Uvinza, ambayo watu wa pale wameichemsha kutoka katika chemchemi kwa mamia mengi ya miaka; yalikuwako mawese, samaki, pembe; na walikuwako, haifai kuficha, watu wa kuuzwa. Leo chumvi ipo, mawese yapo, dagaa wapo, na wapo wabadilishao faranga za majirani. Simama hapo robo saa tu, utasikia Kiha, Kibembe, Kirundi, na Kiswahili cha namna mbili tatu, kimoja cha kwetu na kingine kilichokwenda Kongo kwa mlango huu, kikakaa huko, na sasa kinarudi kimebadili sauti.

Kijana akaniambia, "Lakini mzee, hii ni biashara. Mimi nimetumwa utamaduni." Nililitarajia neno hilo, kwa maana nimelisikia kwa walimu wake pia. Limo katika vichwa vya wasomi wetu wazo kwamba utamaduni ni kitu kilichokufa, kikazungushiwa ua, na mlangoni akakaa mtu wa kukata tiketi. Kinachonuka samaki hakimo. Kwa wazo hilo mwembe uliokufa ni utamaduni, na mwanamke aligeuzaye dagaa juani kwa namna aliyofundishwa na bibi yake si utamaduni. Nasema ni wazo la kuazima, na aliyetuazima hana haja nalo tena, kwani huko kwao siku hizi huandika vitabu vinene juu ya masoko na wavuvi wao.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Mwembe ni rahisi kwa sababu hautuulizi kitu. Soko latuuliza. Sisi tusomao Kiswahili tunayo maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, yaliyochapishwa katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Tunazo safari alizozikusanya Velten mwaka 1901, pamoja na ya Selemani bin Mwenye Chande. Ni hazina, na mwanafunzi asiyezisoma amejidhulumu. Lakini wanaosema humo ni wenye msafara. Aliyechukua pembe begani, aliyefungwa, mwanamke aliyeletwa kutoka ng'ambo na kuzaa watoto Ujiji, hao hawakuandika. Habari zao zimo katika nyumba zetu, na ni habari nzito, kwa kuwa nyumba moja yaweza kuwa na damu ya aliyefunga na ya aliyefungwa. Nimewaona wazee wakibadili mazungumzo wanapoulizwa wao ni wajukuu wa nani. Siwalaumu. Ninamlaumu msomi aliyekuja mara moja, akaona haya yao, akashukuru kupata sababu ya kurudi kwenye mwembe. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia. Vema. Mtu atakayekuja kuitafuta njia hiyo ataonyeshwa nini, ikiwa masimulizi ya nyumbani yatakuwa yamezikwa pamoja na wenyewe?

Wataniambia kwamba mgeni hulipa kwa ajili ya Livingstone, wala hatalipa kwa ajili ya bibi wa Kimanyema. Huenda. Lakini mimi siandikii wakata tiketi. Naandikia watu wa chuo, ambao hawakupelekwa huko kujifunza kinacholipa. Hata hivyo hoja yenyewe haijajaribiwa. Mgeni hawezi kupenda asichoonyeshwa.

Jioni nilimchukua kijana hadi Kibirizi. Tulipita pwani penye mafundi wa mitumbwi, mmoja akiwa bado anafunga mataruma juu ya mkuku mpya, bila ya karatasi wala kipimo ila jicho lake. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470. Aliyetengeneza chombo kibaya hapa hana nafasi ya kuomba radhi. Nalo halitulii mahali pamoja: lilirudi nyuma zamani, hata jiwe la Livingstone sasa liko mbali na maji, na mwaka 2020 na 2021 likapanda, likaingia katika nyumba na magati. Mwaka 2024, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapate kuongezeka. Sikupinga amri hiyo. Samaki wamepungua kweli. Lakini miezi mitatu ile nilijua jinsi mji huu ulivyo bila taa zake, na sikupenda nilichojua.

Ilikuwa siku za giza la mwezi, basi mitumbwi ilikuwa ikitoka. Zamani walibeba karabai, na mvumo wake ulisikika hata nchi kavu. Sasa ni taa za betri, hazina sauti. Hutoka mmoja mmoja, kisha ghafla, giza likiingia, ziwa lote mbele yako huwa kama mji wa pili uliojengwa juu ya maji. Kijana alisimama kimya. Daftari lilikuwa wazi, lakini haandiki. Nyuma yetu akina mama walikuwa wakikusanya dagaa wa mchana kutoka chanjani, na mmoja wao, aliyetuona tumemzibia njia, akamwuliza kijana wangu kama amekuja kununua au amekuja kutazama. Kijana akajibu, "Shikamoo mama, nimekuja kuuliza." Yule mama akamtazama, akamtazama tena, akatua ungo wake chini, akamwambia, "Marahaba. Haya, uliza."