Msimu wa Pili wa Kocha: Fundisho kwa Mwalimu

Katika lugha ya viwanjani kocha huitwa mwalimu, na jina hilo lamfaa. Kama mwalimu wa shule ya msingi, yeye naye hukabidhiwa vijana ambao hakuwaanza, hupewa muda mfupi, kisha huhukumiwa kwa hesabu. Ufikapo mwisho wa msimu wa pili, watu huuliza: ameendelea au hakuendelea? Swali ni la haki. Namna ya kulijibu ndiyo yenye kasoro, nasi walimu yatupasa kujifunza kutokana na kasoro hiyo.

Tutazame kandanda ya Kimarekani, ambako vyuo vikuu huajiri makocha kwa fedha nyingi na kuwafukuza kwa haraka. Katika Chuo cha Virginia Tech, Frank Beamer alianza na msimu wa 1987. Katika misimu yake miwili ya kwanza alishinda mechi 5 akashindwa 17. Mwaka 1992, msimu wake wa sita, alishinda 2 tu. Viongozi wa chuo hawakumwondoa. Naye hakukaa kitako, bali alibadili baadhi ya wasaidizi wake. Tangu mwaka 1993 hadi alipostaafu mwaka 2015, timu yake haikukosa hata mara moja michezo ya heshima ya mwisho wa msimu, na katika msimu wa 1999 ilifika kwenye mchezo wa kuamua ubingwa wa taifa.

Chuo cha Notre Dame kilipata kisa kilicho kinyume. Charlie Weis alianza mwaka 2005, akashinda mechi 19 na kushindwa 6 katika misimu miwili. Kabla hata msimu wa kwanza haujaisha, chuo kilimwongezea mkataba wa miaka mingi. Lakini nguzo za timu ile walikuwa vijana walioletwa na kocha aliyemtangulia. Wengi wao walipomaliza masomo, Weis alishinda mechi 3 na kushindwa 9 mwaka 2007, na mwaka 2009 akaachishwa kazi.

Hesabu za msimu wa pili, basi, zilimdhulumu mmoja na kumpendelea mwingine. Sababu ni moja: zilipima urithi zaidi ya kazi. Beamer alirithi timu iliyopunguziwa nafasi za ufadhili wa wachezaji kwa makosa yaliyotendeka kabla yake. Weis alirithi wachezaji waliokwisha kukomaa.

Huenda msomaji akasema kwamba siku hizi mambo hayahitaji subira. Kweli, mwaka 2024 Curt Cignetti aliongoza timu ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho mwaka uliotangulia kilishinda mechi 3, naye akashinda 11 katika msimu wake wa kwanza. Lakini kanuni za sasa humruhusu kocha kuchukua wachezaji waliokwisha kufunzwa katika vyuo vingine, naye alikuja na kadhaa kutoka chuo alichotoka. Mwalimu wa shule ya msingi hana ruhusa hiyo, wala hastahili kuitamani. Watoto wa kijiji ndio darasa lake, wepesi na wazito pamoja.

Kwa hiyo naona ni kosa kumsifu au kumlaumu mwalimu wa mwaka wa pili kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi peke yake. Mtoto wa darasa la mwisho amekwisha kupita mikononi mwa walimu wengi. Hata hivyo, sitetei uvivu. Miaka miwili haitoshi kuhukumu mavuno, lakini yatosha kabisa kuhukumu kilimo. Mkaguzi na ajiulize mambo matatu. Kwanza, mwalimu huyu alipokea nini? Pili, watoto aliowaanza mwenyewe, tangu darasa la kwanza, wanasoma na kuhesabu vipi wakilinganishwa na walivyokuwa mwaka jana? Tatu, makosa yaliyoonekana katika madaftari ya Februari yangali yale yale mwezi Oktoba? Mwalimu ambaye makosa ya watoto wake hayabadiliki, wala andalio lake la somo halibadiliki, hana cha kusingizia urithi.

Nanyi, ndugu wanachuo, msingoje wakaguzi wawe waadilifu ndipo mjitetee. Katika juma la kwanza la kufika shuleni, mpe kila mtoto jaribio fupi la kusoma, kuandika na kuhesabu. Yaandike majina na alama, uziweke karatasi hizo mahali salama. Rudia jaribio la kiwango hicho hicho kila muhula. Ukiulizwa mwisho wa mwaka wa pili umefanya nini, utaweka karatasi mezani: mtoto huyu alikuwa hapa, sasa yuko hapa. Na ikiwa hajasogea, wewe utakuwa wa kwanza kujua, mapema kiasi cha kubadili njia kabla mtoto hajapotelewa na mwaka mwingine.